Mwongozo Kamili: Kukadiria Ukakamavu, Nguvu na Tabia za Joto za Plastiki Yenye Nyuzi Fupi

Wanaojaribu kazi hii kwa mara ya kwanza hukwama karibu mahali pamoja. Wanachukua plastiki iliyochanganywa na asilimia 30 ya nyuzi za kioo, wanaingiza namba kwenye kanuni waliyoikuta kitabuni, wanapata ukakamavu wa gigapaskali 22, kisha mashine ya kuvuta inawaonyesha 5 au 6. Hapo huilaumu kanuni, wakahamia kwenye kanuni nyingine ngumu zaidi, nayo ikawapa jibu lililo mbali vilevile.

Mara nyingi kanuni haina kosa. Kilichokosewa ni namba tatu zinazoingizwa ndani yake: kiasi cha nyuzi, urefu wa nyuzi na mwelekeo wa nyuzi. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inahusu kupima, na hesabu zenyewe zinakuja baadaye.

Mfano nitakaoufuata mwanzo hadi mwisho ni polipropilini yenye asilimia 30 ya nyuzi za kioo kwa uzito, iliyosindiliwa kwenye kalibu kuwa kibao bapa. Nimeuchagua kwa sababu tabia za kioo na za polipropilini zinajulikana vizuri, hivyo msomaji anaweza kuikagua kila hatua kwa kikokotoo. Karibu na mwisho nitaeleza kinachobadilika unapotumia katani badala ya kioo.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Kwa upande wa vifaa, unahitaji mizani inayosoma hadi miligramu 0.1, tanuri linalofika nyuzijoto 600, vikombe vya kauri visivyopasuka kwa moto, hadubini yenye kamera, karatasi za msasa na unga wa kung'arisha, na kompyuta yenye lahajedwali. Programu ya kupima picha si lazima iwe ya kununua, kwani ImageJ hupatikana bure na inatosha kabisa.

Kwa upande wa namba, andika zifuatazo kwenye ukurasa wa kwanza wa lahajedwali, kila moja na kipimo chake. Hizi ndizo nitakazotumia:

- Kioo: densiti gramu 2.55 kwa sentimita ya ujazo, moduli ya Young (kipimo cha ukakamavu wa kuvuta) gigapaskali 72, uwiano wa Poisson (kiasi ambacho kitu husinyaa kwa upana kinapovutwa kwa urefu) 0.22, upitishaji joto wati 1.0 kwa mita kwa kelvini, kutanuka sehemu 5 kwa milioni kwa kila kelvini, kipenyo mikromita 13.
- Polipropilini: densiti 0.905, moduli gigapaskali 1.4, uwiano wa Poisson 0.40, upitishaji joto 0.22, kutanuka sehemu 100 kwa milioni.

Namba za kioo hazitofautiani sana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Za polipropilini hutofautiana, na pia hubadilika kwa joto: moduli ya 1.4 ni ya nyuzijoto 23, na plastiki hiyo ikifika 80 hupoteza sehemu kubwa ya ukakamavu wake. Ikiwa kifaa chako kitakaa karibu na injini, pima plastiki tupu katika joto hilo na utumie namba hiyo tangu mwanzo. Usijaribu kusahihisha jibu la mwisho kwa makisio.

## Hatua ya 1: Pata kiasi halisi cha nyuzi kwa kuchoma

Kata kipande cha gramu 2 hadi 4 kutoka sehemu ileile ya kifaa utakayoifanyia hesabu. Kiwe na upana usiopungua milimita 10, kwa sababu kila ukingo uliokatwa hukata pia nyuzi, na kipande chembamba kitakupa nyuzi fupi kuliko zilizomo kwenye kifaa.

Choma kikombe kitupu kwanza, kiache kipoe mahali pakavu, kipime. Weka kipande, pima tena. Kisha pandisha joto polepole hadi nyuzijoto 550 au 600, na ukiache humo mpaka uzito usibadilike tena.

Upandishaji wa polepole una sababu yake. Plastiki ikishika moto ghafla, miale hubeba nyuzi nyepesi na kuzitoa nje ya kikombe, na hesabu yako itapungua bila wewe kujua. Fanya kazi hii chini ya bomba la kuvuta moshi, na usiinamie mlango wa tanuri unapoufungua.

Tuseme kikombe kina gramu 24.3150, kikiwa na kipande gramu 27.4650, na baada ya kuchoma gramu 25.2600. Kipande kilikuwa na gramu 3.150 na kimebakisha 0.945, yaani asilimia 30.0 kamili.

Onyo moja: kinachobaki si lazima kiwe kioo kitupu. Ikiwa kiwanda kiliongeza unga wa talki, nao utabaki. Tazama mabaki kwa hadubini kabla ya kuyaita nyuzi.

## Hatua ya 2: Geuza uzito kuwa ujazo

Hapa ndipo yale majibu ya gigapaskali 22 yanapozaliwa. Kanuni zote za ukakamavu zinataka sehemu ya ujazo, ilhali maandishi ya kwenye mifuko ya plastiki ghafi na jaribio la kuchoma hutoa sehemu ya uzito. Kioo ni kizito karibu mara tatu ya polipropilini, kwa hiyo asilimia 30 ya uzito huchukua nafasi ndogo sana.

Gawanya kila uzito kwa densiti yake. Kioo: 0.30 ÷ 2.55 = 0.1176. Polipropilini: 0.70 ÷ 0.905 = 0.7735. Jumla ni 0.8911. Sehemu ya ujazo wa kioo ni 0.1176 ÷ 0.8911, ambayo ni 0.132.

Ni asilimia 13 tu, si 30.

Jumla hiyohiyo inakupa kipimo cha kujihakiki bila gharama: 1 ÷ 0.8911 = 1.122, ambayo ndiyo densiti ya mchanganyiko. Pima kipande chako kwa kukitumbukiza majini. Ukipata 1.12, uko sawa. Ukipata 1.08, kuna vishimo vya hewa ndani ya kifaa, na hakuna kanuni katika mwongozo huu itakayovitambua. Punguza vishimo hivyo kwanza, kisha urudi.

## Hatua ya 3: Pima urefu uliobaki baada ya mashine

Mara ya kwanza nilipofanya hesabu hizi nilitumia urefu wa milimita 3, kwa kuwa ndio uliokuwa umeandikwa kwenye mfuko wa punje za plastiki ghafi. Urefu huo ulikuwa wa kweli kwa punje. Lakini skrubu ya mashine husaga, lango jembamba la kalibu huvunja, nyuzi zenyewe husuguana zikavunjana, na kwenye kifaa kilichokamilika kioo kwa kawaida hubaki na milimita 0.2 hadi 0.5.

Tumia mabaki ya Hatua ya 1. Kioo kilichochomwa huwa dhaifu, kwa hiyo usikiguse kwa koleo wala kukikoroga. Mimina maji polepole, tikisa kidogo, chota kwa mrija wenye mdomo mpana, sambaza kwenye kioo cha hadubini, piga picha. Pima nyuzi zisizopungua 300, ukizipima pia zile fupi mno ambazo jicho linapenda kuziruka.

Kuna wastani wa aina mbili, na watu huzichanganya. Tuseme una nyuzi 100 za milimita 0.2 na nyuzi 50 za milimita 0.6. Wastani wa kawaida, yaani jumla ya urefu kugawanywa kwa idadi, ni 0.33. Wastani uliopimwa kwa urefu, ambao unaupa kila uzi uzito kulingana na urefu wake, ni 0.44. Kwa hesabu ya ukakamavu inayotumia namba moja tu, chukua ule wa kawaida, kwa kuwa faida ya urefu hupungua kadiri uzi unavyorefuka, na nyuzi chache ndefu hazifidii hasara ya nyingi fupi. Kwa hesabu ya nguvu, usitumie wastani wowote. Zigawe nyuzi katika makundi ya urefu, kama nitakavyoeleza.

Katika mfano wetu wastani ni milimita 0.39. Gawa kwa kipenyo cha mikromita 13, unapata uwiano wa 30. Namba hii itarudi mara kadhaa.

## Hatua ya 4: Pima mwelekeo

Hatua hii ndiyo inayochosha kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Plastiki iliyoyeyuka inapoingia kwenye kalibu, tabaka za karibu na kuta hukwaruzwa na nyuzi zake hulala kufuata mtiririko. Katikati ya unene plastiki hutanuka kwenda pembeni, na nyuzi za hapo hulala kukatisha. Kibao kimoja kwa hiyo kina mielekeo tofauti kulingana na kina, kama mkeka uliosukwa tabaka kwa tabaka.

Kata kibao kwa mstari unaokatisha mtiririko, kishikilie kwenye gundi ngumu, kisugue kwa msasa wa laini zaidi na zaidi mpaka king'are. Chini ya hadubini kila uzi uliokatwa wima utaonekana duara, na uliolala mshazari utaonekana yai. Gawa upana wa yai kwa urefu wake. Jibu ni kosini ya pembe kati ya uzi na mtiririko.

Usihesabu mayai hayo hivihivi. Uzi unaofuata mtiririko una nafasi kubwa ya kukatwa na msumeno kuliko uliolala pembeni, hivyo picha itakudanganya kuwa karibu nyuzi zote zimenyooka. Gawa mchango wa kila uzi kwa kosini yake ili kusawazisha. Kwa nyuzi zilizokaribia pembe ya digrii 90 kosini hukaribia sifuri na marekebisho hulipuka. Kwa hizo kata sampuli ya pili kwa upande mwingine na uzihesabu huko.

Chukulia kwamba baada ya kazi yote hiyo umepata mgawo huu: asilimia 40 ya nyuzi ziko kwenye pembe 0, asilimia 35 ziko kwenye 20 kushoto na kulia kwa usawa, asilimia 15 ziko kwenye 45 kushoto na kulia, na asilimia 10 ziko kwenye 90. Nachukulia pia kwamba nyuzi zote zimelala ndani ya bapa la kibao, jambo ambalo si mbali na ukweli kwa kibao cha milimita 2 au 3.

Tengeneza wastani wa namba nne na uzihifadhi:

- kosini ya pembe, kipeo cha pili: 0.784
- kosini ya mara mbili ya pembe: 0.568
- kosini ya mara nne ya pembe: 0.411
- kosini ya pembe, kipeo cha nne: 0.710

Jihakiki: namba ya pili lazima iwe sawa na mara mbili ya namba ya kwanza ukitoa moja. Isipokuwa hivyo, kuna kosa katika safu mojawapo, kwa mfano pembe uliyoigeuza kuwa radiani kwenye safu moja na kuiacha kwa digrii kwenye nyingine.

## Hatua ya 5: Hesabu ukakamavu kana kwamba nyuzi zote zimenyooka

Sasa tumia kanuni ya Halpin na Tsai. Ipo kanuni ya Mori na Tanaka inayosifiwa kwa usahihi zaidi, lakini hesabu zake ni ndefu zaidi, na tofauti kati ya hizo mbili kwa mchanganyiko kama huu ni ndogo kuliko kosa la kupima urefu ovyo.

Kanuni yenyewe ni hii:

E = Em × (1 + z × n × V) ÷ (1 − n × V)

ambapo n = (Ef ÷ Em − 1) ÷ (Ef ÷ Em + z). Ef ni moduli ya uzi, Em ya plastiki, V ni sehemu ya ujazo, na z ni namba inayobeba umbo la uzi.

Kufuata uzi, z ni mara mbili ya uwiano wa urefu kwa kipenyo, yaani 60. Ef ÷ Em ni 51.43. Hivyo n ni 50.43 ÷ 111.43 = 0.4526, na E1 inatoka gigapaskali 6.83.

Kukatisha uzi, z ni 2 bila kujali urefu. Hapo n ni 0.9439, na E2 ni gigapaskali 2.00.

Kwa moduli ya mkato (ukakamavu wa kitu kinaposukumwa mshazari), badilisha moduli za Young kwa za mkato (kioo 29.5, polipropilini 0.5) na uweke z = 1; jibu ni 0.646. Uwiano wa Poisson huchanganywa moja kwa moja kwa ujazo: 0.376.

Linganisha na mipaka. Kanuni ya mchanganyiko, inayochukulia nyuzi zisizo na mwisho, inatoa 10.7, na mpaka wa chini kabisa ni 1.61. Jibu lolote nje ya mipaka hiyo ni kosa la kuandika, si ugunduzi.

## Hatua ya 6: Changanya na mwelekeo

Njia ya mkato ambayo wengi huijua ni kuchukua sehemu tatu kwa nane za E1 na sehemu tano kwa nane za E2. Hiyo hufaa tu pale nyuzi zilipotawanyika sawa pande zote za bapa. Kwa mfano wetu ingetoa 3.8, na hata kwa mtawanyiko huo kamili njia ndefu inayofuata ingetoa karibu 3.5. Itumie kwa makisio ya haraka mezani.

Njia ndefu si ngumu. Kwanza geuza moduli kuwa namba za ukakamavu wa bapa. Zidisha 0.376 kwa 2.00 ÷ 6.83, upate 0.110, kisha 1 − 0.376 × 0.110 = 0.9586. Gawa E1 kwa hiyo: Q11 = 7.12. Gawa E2: Q22 = 2.08. Zidisha Q22 kwa 0.376: Q12 = 0.784. Q66 ni moduli ya mkato, 0.646.

Kisha unda namba nne zisizobadilika kwa kuzungusha:

- U1 = (3Q11 + 3Q22 + 2Q12 + 4Q66) ÷ 8 = 3.97
- U2 = (Q11 − Q22) ÷ 2 = 2.52
- U3 = (Q11 + Q22 − 2Q12 − 4Q66) ÷ 8 = 0.632
- U4 = (Q11 + Q22 + 6Q12 − 4Q66) ÷ 8 = 1.415

Mwishowe ingiza mwelekeo wa Hatua ya 4:

- A11 = U1 + U2 × 0.568 + U3 × 0.411 = 5.66
- A22 = U1 − U2 × 0.568 + U3 × 0.411 = 2.80
- A12 = U4 − U3 × 0.411 = 1.156

Moduli ya kufuata mtiririko ni A11 − A12² ÷ A22, yaani gigapaskali 5.18. Ya kukatisha mtiririko ni A22 − A12² ÷ A11, yaani 2.56.

Wasomaji hushtuka wanapoona karatasi ya mtengenezaji ikiandika gigapaskali 6 na zaidi kwa plastiki hiyohiyo. Namba ya mtengenezaji hutokana na kipande cha majaribio chembamba chenye umbo la mfupa, ambacho kiuno chake huzinyoosha nyuzi kuliko kibao chochote. Mtengenezaji hajadanganya, ila kibao chako si kile kipande chake. Anayesanifu mfuniko mpana kwa namba ya kipande cha mfupa atashangaa mfuniko unapopinda upande mmoja.

## Hatua ya 7: Nguvu ya kuvuta

Nguvu ni ngumu kukadiria kuliko ukakamavu, kwa sababu inategemea jinsi plastiki ilivyoshikamana na uzi. Anza na urefu hatari, ambao chini yake uzi huchomoka kabla ya kukatika: zidisha nguvu ya uzi kwa kipenyo, gawa kwa mara mbili ya nguvu ya mshikamano. Kwa uzi wa megapaskali 2000 na mshikamano wa 20, urefu hatari ni milimita 0.65. Mshikamano ukiwa 10 tu, urefu hatari ni 1.3.

Nyuzi zetu zina wastani wa 0.39, na ili mfano uwe mfupi nachukulia kwamba zote zina urefu huo. Kwa hiyo zote huchomoka, na nguvu ya kioo chenyewe haifiki mwisho wake.

Kwa uzi ulio chini ya urefu hatari, mchango wake ni mshikamano × uwiano wa urefu kwa kipenyo × sehemu ya ujazo: 20 × 30 × 0.132 = megapaskali 79. Zidisha kwa 0.710 ya mwelekeo, upate 56. Ongeza mchango wa plastiki, karibu megapaskali 25 × 0.868, yaani 22. Jumla ni 78.

Rudia kwa mshikamano wa 10 na jumla inashuka hadi 50. Tofauti hiyo ya 28 huletwa na kiunganishi cha kemikali, kwa kawaida polipropilini iliyopachikwa anihidridi ya maleiki, ambacho huongezwa kwa asilimia chache tu. Polipropilini tupu haipendi kushikamana na kioo.

Kama una makundi ya urefu kutoka Hatua ya 3, fanya hesabu kwa kila kundi na ujumlishe. Kundi lililovuka urefu hatari lina kanuni nyingine: nguvu ya uzi × (1 − urefu hatari ÷ mara mbili ya urefu wa uzi) × sehemu ya ujazo ya kundi hilo.

## Hatua ya 8: Tabia za joto

### Upitishaji joto

Kanuni ni ileile ya Halpin na Tsai, ukibadilisha moduli kwa upitishaji. Kufuata uzi (z = 60) jibu ni 0.318; kukatisha uzi tumia z = 1, upate 0.261. Mwelekeo hapa ni rahisi, kwa kuwa unahitaji kosini ya kipeo cha pili pekee: 0.261 + (0.318 − 0.261) × 0.784 = 0.306 kufuata mtiririko. Kupitia unene wa kibao ni 0.261, na mara nyingi joto hupita njia hiyo.

Kutoka 0.22 hadi 0.26 ni badiliko dogo. Anayetaka plastiki itoe joto haraka asitegemee kioo.

Joto mahususi, yaani joto linalohitajika kupasha gramu moja kwa kelvini moja, ni pahali pekee ambapo sehemu ya uzito ndiyo sahihi: 0.30 × 0.8 + 0.70 × 1.8 = jouli 1.5 kwa gramu kwa kelvini. Nimeona mtu aliyejifunza vizuri Hatua ya 2 akaharibu hapa kwa kutumia ujazo.

### Kutanuka

Kanuni ya Schapery kwa nyuzi ndefu inatoa sehemu 15.8 kwa milioni kufuata uzi. Kwa nyuzi fupi namba hiyo ni ndogo mno. Marekebisho ninayotumia ni kuuliza: uzi ungekuwa na mchango gani ili E1 iwe 6.83? Toa mchango wa plastiki, 1.4 × 0.868 = 1.215, unabaki na 5.61. Weka hiyo mahali pa moduli ya uzi mara ujazo:

(5.61 × 5 + 1.215 × 100) ÷ 6.83 = 21.9

Kukatisha uzi: 1.40 × 100 × 0.868 + 1.22 × 5 × 0.132 − 21.9 × 0.376 = 114.

Usiifute namba hiyo kwa kudhani umekosea kwa sababu imezidi 100 ya plastiki tupu. Uzi unaizuia plastiki kutanuka kwa urefu, na plastiki iliyobanwa huko hujisukuma pembeni.

Kutanuka hakuchanganywi kwa mwelekeo peke yake, kwani tabaka kakamavu huburuta tabaka laini. Zidisha kwanza ukakamavu kwa kutanuka: Q11 × 21.9 + Q12 × 114 = 245 kwa upande wa uzi, na Q12 × 21.9 + Q22 × 114 = 255 kwa upande wa kukatisha. Changanya hizo kwa mwelekeo: nusu ya jumla yake, ukijumlisha nusu ya tofauti mara 0.568 kwa mtiririko na ukiitoa kwa kukatisha, upate 247.4 na 252.9. Kisha tatua milinganyo miwili:

A11 × x + A12 × y = 247.4
A12 × x + A22 × y = 252.9

Jibu ni sehemu 27.6 kwa milioni kufuata mtiririko na 79 kukatisha. Kwa kibao cha milimita 100 kilichopashwa nyuzijoto 40 zaidi, ni milimita 0.11 upande mmoja na 0.32 upande mwingine. Tundu la skrubu lililokazwa bila nafasi ya kucheza litaonyesha tofauti hiyo mapema.

## Hatua ya 9: Linganisha na vipimo

Kata vipande vya kuvuta kutoka kwenye kibao chenyewe, vitano kufuata mtiririko na vitano kukatisha, na uvivute kwa taratibu za ISO 527, kiwango cha kimataifa cha majaribio ya kuvuta plastiki. Kwa moduli, mashine iende milimita 1 kwa dakika na kirefusho (kifaa cha kupima kurefuka) kishikwe kwenye kipande chenyewe. Mwendo wa taya za mashine una mtelezo ndani yake na hushusha moduli.

Ukikosea kwa chini ya asilimia 10 kwa ukakamavu, kazi imefanikiwa. Kwa nguvu, asilimia 20 inatosha.

Pande zote mbili zikiwa chini ya hesabu, chunguza kiasi cha nyuzi, vishimo na moduli ya plastiki tupu. Upande wa mtiririko ukiwa chini na wa kukatisha juu, mwelekeo ndio uliopimwa vibaya. Ukakamavu ukiwa sawa lakini nguvu ikawa chini sana, tazama uso uliokatika kwa hadubini: nyuzi zilizochomoka zikiwa safi bila plastiki iliyoganda juu yake, kiunganishi hakifanyi kazi.

## Ukitumia katani

Tanzania na Kenya zina katani ya kutosha kujaribia, na kanuni hazibadiliki, ila namba na vipimo hubadilika.

Katani huungua pamoja na plastiki, hivyo Hatua ya 1 haifai. Plastiki huyeyushwa kwa zailini ya moto na nyuzi huchujwa. Zailini hushika moto kwa urahisi na mvuke wake una sumu. Kazi hiyo ni ya maabara yenye kabati la kuvuta hewa, si ya jikoni wala ya uani.

Densiti ya katani ni karibu 1.45, kwa hiyo asilimia 30 ya uzito ni asilimia 21 ya ujazo. Moduli yake huandikwa kati ya 9 na 22, upana mkubwa unaokulazimu kuvuta nyuzi zako mwenyewe. Kipenyo hubadilika kutoka uzi hadi uzi na hata ndani ya uzi mmoja. Kukatisha uzi, katani ni laini mno kuliko kufuata uzi, kwa hiyo usiingize moduli ileile kwenye hesabu ya E2.

Kwa moduli ya 15, urefu wa milimita 2 na kipenyo cha 0.15, E1 ni 3.65. Ongeza urefu mara mbili na inafika 3.9 tu, yaani asilimia 7 zaidi, ilhali kwa kioo chetu kuongeza uwiano mara mbili kungeleta asilimia 21. Sababu ni kwamba katani imeizidi plastiki ukakamavu mara kumi hivi, wakati kioo kimeizidi mara hamsini. Jasho lako lielekeze kwenye ukaushaji: nyuzi za katani hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu huo hugeuka mvuke ndani ya mashine na kuacha vishimo. Kausha mpaka uzito usibadilike, funga kwenye mfuko usiopitisha hewa, na ushikilie joto la mashine chini ya nyuzijoto 200, kwa sababu juu ya hapo katani huanza kuungua, na kipande kinachotoka kikiwa cha kahawia chenye harufu ya moshi hakifai kuingizwa kwenye lahajedwali.